Vidonge vya Jumamosi

Asubuhi za siku za kazi, jua kabla halijaanza kuchoma changarawe, Nei Tirenga alikuwa amekwisha simama chini ya mnazi wa Ten Uering, kichwa kakiinua juu, bati la vidonge kwapani, akimngoja mgonjwa wake ashuke. Uering alikuwa mgema. Wagema wa Betio, kisiwa ambacho kwa heshima mwanamume huitwa Ten na mwanamke Nei, huimba wakiwa mnazini, na huyu kifua kikuu hakikumnyamazisha. Kilimkata pumzi tu, akawa anaimba nusu mstari, anakohoa, halafu anarudi kuumalizia.

"Babu, shuka! Mimi nina nyumba nyingine tatu."

"Nenda basi, utanikuta hapahapa. Nitakwenda wapi mimi, kisiwa chenyewe ukijinyoosha umeanguka baharini."

"Shuka, nimesema. Nisije nikapanda huko."

"Upande? Hebu tuone!"

Akashuka taratibu, chupa ya tembo tamu ikining'inia kiunoni, akakaa kwenye ukingo wa dungu lake la kulalia, akapokea vidonge vinne katika kiganja. Akavitia mdomoni vyote kwa pamoja, akasukuma na maji, akafungua kinywa wazi kama mtoto anayeonyesha jino lililong'oka. Tirenga akatazama chini ya ulimi, akatazama mashavu. Akatia alama kwenye kadi.

"Bado wiki ngapi?" akauliza Uering, kama alivyouliza jana na juzi.

"Wiki saba ifike sherehe. Kipimo ni Jumatano hii."

"Wiki saba," akasema mzee, akageuka kuzitazama chupa zake. Zilipangwa chini ya dungu, kumi na moja, za asali ya mnazi aliyoichemsha mwenyewe, kila moja na kizibo cha kitambaa. Zilikuwa za mjukuu wake. Mtoto wa binti yake, Nei Bwetaa, alikuwa anatimiza mwaka mmoja, na mwaka wa kwanza katika visiwa hivi si siku ya kupita hivihivi; nguruwe huanguka, ukoo wote huja. Uering alikuwa hajawahi kumpakata mtoto yule. Alizaliwa wakati babu yake tayari ameanza kukohoa, na ulipojulikana ugonjwa wenyewe, Bwetaa akabaki naye kwa wakwe zake, Bikenibeu. Nesi alikuwa amesema neno moja ambalo mzee alilishika kama kamba ya mnazini: makohozi yakiwa safi, utampakata.

Tirenga alikuwa na miaka ishirini na minne. Shule aliishia darasa la sita, kule kisiwani Nonouti alikozaliwa, kisha akaolewa akaja Betio, mahali ambapo ukipiga chafya nyumba ya tatu wanakuitikia. Mume alikuwa baharini kwenye meli za samaki. Watoto wawili, wa pili bado ananyonya. Nesi Maere alipopita kutafuta mwanamke wa mtaa anayeweza kusoma kibandiko na mwenye miguu ya kutembea, Tirenga aliinua mkono kabla hajamaliza kufikiri. Baba yake alikufa kwa kifua hichohicho. Alimeza dawa hadi mashavu yakarudi, akaona amepona, vidonge vilivyobaki akavitupa. Tirenga alikuwa na miaka minane, analala naye dungu moja. Yeye hakupata kitu. Hakujua kwa nini, na jambo hilo halikumtoka moyoni.

Hakuwa msemaji. Alichokuwa nacho ni macho. Alijua nani amekonda kwa kuona khanga ilivyofungwa mara mbili kiunoni. Alijua nani amemeza dawa kwa kutazama nguo zilizoanikwa, maana dawa ile nyekundu hutia rangi kila kinachotoka mwilini, mkojo, jasho, hata machozi. Doa lake linakuwa kama la papai. Akirudi nyumbani hakumgusa mwanawe mpaka ameoga, amebadilisha blauzi, ndipo mkwe wake anamkabidhi mtoto, na mtoto anamvuta nywele kwa hasira ya kucheleweshwa.

Siku za Jumamosi na Jumapili zahanati ilifungwa, naye hakuwa na kazi. Basi kila Ijumaa alimwachia Uering bahasha mbili ndogo, ya kesho na ya keshokutwa. Jumatatu mzee alimrudishia zikiwa tupu, zimekunjwa vizuri, moja ndani ya nyingine. Miezi mitano haikukosekana hata moja.

Jumatano makohozi yakapelekwa. Ijumaa nesi Maere akamwita Tirenga pembeni, nyuma ya tangi la maji.

"Ten Uering bado anao."

"Hapana, nesi."

"Mimi ndiye nimeangalia kwenye hadubini. Mwezi wa tano huu, mama. Mtu anayemeza kila siku hawi hivi." Nesi hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililouma. "Ugonjwa ukipewa dawa nusunusu unajifunza kupigana nayo. Nimetuma makohozi mengine yakapimwe kama dawa hizi bado zinauweza. Tuombe Mungu zinauweza. Wewe unamwona anameza?"

"Namwona. Namfungua kinywa mpaka chini ya ulimi."

"Siku zote?"

Tirenga aliziona bahasha katika mawazo yake, moja ndani ya nyingine.

Kumwambia mzee ilikuwa kazi yake pia. Alimkuta anafuta chupa ya kumi na mbili. Aliposikia, Uering akaiweka chupa chini pamoja na nyingine, akaisogeza ikae sawasawa kwenye mstari.

"Kwa hiyo sitampakata."

"Bado hatujui, babu. Lakini niambie kweli. Za Jumamosi unameza?"

"Bahasha si unaziona zinarudi tupu?"

"Naziona."

"Ee," akasema mzee, akatazama juu mnazini. "Basi."

Jumapili kanisani Tirenga alikaa upande wa akina mama, mtoto mapajani. Mbele yake alikaa Nei Taoniti, kagauni keupe kamepigwa pasi, mgongo wima. Taoniti alikuwa dada wa ukoo wa Uering, mtoto wa mama mkubwa, mwanamke wa miaka sitini anayekaanga maandazi pale njia panda na mwenye ulimi ambao hata mchungaji aliuzunguka kwa mbali. Katikati ya sala akaanza kukohoa. Akatoa leso nyeupe, akaziba mdomo, akakohoa mpaka mabega yakatikisika, kisha akaikunja haraka.

Siyo haraka ya kutosha. Tirenga aliona doa. Halikuwa la damu. Lilikuwa la papai.

Akamsogeza mwanawe upande wa pili, akamfunika uso na kiganja, akatoka naye nje kama anayekwenda kumkojoza. Alisimama kwenye upepo, mtoto anacheka. Nei Taoniti hakuwa na kadi. Hakuna nyumba alimokuwa akimezeshwa dawa mtu huyu. Na maandazi yake nusu ya watoto wa shule ya Betio waliyala.

Jumatatu Uering alipomaliza kuonyesha kinywa, Tirenga hakuandika. Alikaa naye kwenye dungu.

"Babu, Nei Taoniti anakula dawa zako."

Mzee akakuna goti. Akakuna la pili.

"Aliniomba," akasema mwishowe.

"Alikuombaje?"

"Kama watu wanavyoombana. Alikuja hapa, kabla hata mwezi wa kwanza haujaisha, akakaa hapo ulipokaa wewe. Akasema, 'Uering, nina kifua, nakububuti dawa yako.' Alisema neno lenyewe, mwanangu. Ningemjibu nini?"

Mtu wako akikutamkia neno hilo, bubuti, amekufunga. Anaweza kukuomba ngalawa, akakuomba sahani unayolia, akakuomba mtoto umlee, nawe unatoa, na kesho unaweza kwenda kwake ukamwomba yeye. Ukimnyima, hujamnyima kitu, umemnyima undugu, na aibu hiyo watakuja kusimuliwa wajukuu.

"Ndiye aliyenilea mama alipofariki," akasema Uering. "Wali wake ndio uliojenga mifupa hii. Leo anikoholee mlangoni nimwambie vidonge vina kadi? Nikasema, za siku za kazi siwezi, Tirenga ananichungulia mpaka kooni. Chukua za Jumamosi na Jumapili. Tukagawana hivyo. Niliona ni haki. Siku tano kwangu, mbili kwake."

"Na yeye mbona haji zahanati akapata zake?"

"Maandazi. Nani atanunua? Halafu gari lile la afya, lenye maandishi mlangoni, likisimama nyumbani kwako hata mbwa wanajua."

Alipokuwa akirudi, Tirenga alipita ukuta wa zahanati wenye mabango. Ziba mdomo unapokohoa. Fungua madirisha. Maliza dawa. Lilikuwepo la mbu, la kunawa mikono, la chanjo. Halikuwepo hata moja lililosema, ukiombwa usitoe. Walioyachora hawakujua kwamba kuna jambo kama hilo la kuandika, na mtu wa hapa anayelijua asingethubutu kulibandika ukutani. Maana neno lilelile ndilo lililomlisha yeye. Baba alipokufa, mama yake aliishi kwa neno hilo mwaka mzima, samaki kutoka kwa huyu, nazi kutoka kwa yule. Chandarua anacholala nacho mwanawe, Tirenga alikiomba kwa wifi yake, na wifi alikivua kwenye kitanda chake mwenyewe akampa. Huwezi kukata mkono unaotoa vidonge ukabakiza unaotoa chandarua. Ni mkono mmoja.

Alijua anachopaswa kufanya: aende kwa nesi, aseme jina. Nesi angekuja na gari. Na alimjua Taoniti. Meli ya kwanza ya kwenda visiwa vya mbali ingeondoka naye, na kikohozi chake, na nusu dawa aliyokwisha meza, aende akalale katika nyumba ya ndugu wenye watoto kumi, mahali ambapo nesi hufika mara moja kwa miezi.

Alinyonyesha akifikiri. Alifua akifikiri. Mkwe wake akamwuliza kama ana mimba.

Kesho yake aliazima muda kabla ya zamu, akaenda njia panda. Taoniti alikuwa amekaa mbele ya karai, anageuza maandazi kwa kijiti, moshi unamfanya afumbe jicho moja.

"Haa, mke wa baharia! Umekuja kununua au kuniomba?"

"Nimekuja kuomba, bibi."

"Nilijua tu. Mume hajaleta pesa? Hao ukiwaacha baharini wanaoa samaki." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Akajigeuza pembeni. "Vumbi la unga hili. Haya, omba."

Tirenga alichuchumaa upande unaotoka upepo. Mkwe wake na Taoniti walikuwa wa ukoo mmoja wa Nonouti, kwa hiyo haki ya kuomba alikuwa nayo. Akatoa kikopo cha plastiki chenye kifuniko, akakiweka juu ya mchanga kati yao.

"Bibi Taoniti, nakububuti kohozi lako."

Kijiti kikasimama hewani.

"Nini changu?"

"Kohozi. Kesho asubuhi, kabla hujala. La kutoka chini kifuani, siyo mate."

"Wewe mtoto una akili? Umekosa cha kuomba hapa kwangu? Kuna maandazi. Kuna sufuria. Kuna kuku yule kilema, mchukue! Mtu anaomba kohozi?"

"Kuku sina haja naye."

"Tangu nizaliwe sijasikia! Mababu zako wangesikia wangegeuka makaburini kifudifudi."

"Wangegeuka, bibi. Lakini nimeshaomba."

Andazi moja likaanza kuungua. Taoniti hakulitazama. Alikuwa anamtazama Tirenga, na kwa mara ya kwanza jicho lile lilionekana limechoka, lina wekundu pembeni.

"Uering amesema."

"Hakusema mpaka nilipomwuliza. Ni leso yako ndiyo iliyosema, Jumapili."

"Mjinga yule. Kumpa mtu uhai wake bure, na wenyewe bado unamtoka." Sauti yake ikashuka. "Nilidhani amepona. Alikuwa anaimba tena, nikasema, amepona, vilivyobaki havimpi hasara. Kwani hajapona?"

"Hajapona. Kipimo kimemkataa. Baada ya wiki sita ni sherehe ya mjukuu wake na hawezi kumshika."

Taoniti akatoa andazi lililoungua, akalitupa kwa mbwa. Muda mrefu akawa anapanga mengine kwenye sinia, ingawa yalikwisha pangika.

"Sikujua namchukulia mtoto," akasema.

"Najua, bibi."

"Nami nakuomba basi. Umenifunga, nami nakufunga. Nakububuti mdomo wako. Gari lile lisije kwangu."

Tirenga alikuwa amelitarajia hilo. "Mdomo huu una mwenyewe mwingine, ni nesi. Yeye lazima ajue, na watoto wa nyumbani kwako lazima wapimwe. Kwa watu wengine wote nimekupa. Gari halitakuja. Nitakuja mimi kwa miguu, alfajiri, kabla hujawasha moto. Na wiki mbili tatu za kwanza karai lipinduliwe, bibi, usikaange. Useme mgongo unauma."

"Mgongo!" Taoniti akafyonza. "Mimi na mgongo wangu huu? Hakuna atakayeamini." Akachukua kikopo, akakigeuza, akakitia kifuani mwa blauzi. "Useme wewe. Uso wako ni wa ukweli, ndiyo maana unatisha."

Siku iliyofuata kikopo kilikuwa kwenye kizingiti cha Taoniti, kimefungwa kwa kitambaa kisafi, juu yake andazi moja.

Nesi Maere alisikiliza habari yote bila kumkatiza. Tirenga alimaliza kwa kusema, "Nilikuwa nahesabu bahasha, nesi. Bahasha hazimezi." Nesi alifungua kadi mpya, akaandika jina, akauliza nyumbani kwa Taoniti wanalala watu wangapi. Wanane, watoto watatu. Akaandika hilo pia. Kisha akauliza neno lile linatamkwaje hasa mtu anapoomba, maana yeye alizaliwa Fiji na mambo mengine bado yalikuwa yanampita. Tirenga akamfundisha.

Kohozi la Taoniti lilikuwa na ugonjwa. Watoto wawili walipewa dawa ya kinga, wa tatu akaanzishwa dozi kamili. Majibu ya makohozi ya Uering yaliporudi kutoka ng'ambo, yalisema dawa bado zinauweza ugonjwa wake. Tirenga alipompelekea habari hiyo alikuwa anatabasamu, lakini habari ilikuwa na mkia: aanze upya, siku ya kwanza, miezi sita.

"Na sherehe?"

"Nesi amesema tusikimbilie. Mtoto ni mdogo mno, na makohozi bado hatujayaona safi."

Mzee akahesabu vidole, akafika mwisho wa mkono mmoja na kidole kimoja cha mkono wa pili. "Atakuwa na mwaka na nusu."

"Ndiyo, babu."

Siku ya sherehe Tirenga alikwenda Bikenibeu kwa kuwa alibeba chupa sita, na wapwa wa Uering wakabeba nyingine. Turubai lilikuwa limefungwa, nguruwe wanatolewa kwenye mawe ya moto, watu wamejaa mpaka barabarani. Uering hakuingia. Alikaa ng'ambo ya uwanja, upande upepo unakokwenda, peke yake kwenye gogo, na shati jipya. Watu walimpungia, naye akawapungia. Taoniti, ambaye naye hakutakiwa kuingia, alikuwa kwenye gogo lake mwenyewe, hatua kumi kutoka kwake, mkono mgongoni kwa ajili ya watazamaji.

Bwetaa alitoka na mtoto, amevalishwa taji la maua linalomziba jicho. Akasimama katikati ya uwanja. Uering akainuka, akakumbuka, akakaa.

"Mwambie babu yuko hapa," akaita.

"Babu yule! Mwone babu!"

Mtoto alikuwa anatazama kuku.

Basi Uering akaenda kwenye mnazi wa karibu, wa watu asiowajua, akavua viatu. Tirenga akataka kumkataza, pumzi yake haikuwa nzuri bado, lakini mzee alishafika katikati ya shina, polepole, anapumzika kila hatua ya nne. Alipofika juu akaimba. Alikohoa mahali palepale pa siku zote, akarudi akaumalizia mstari. Mtoto akainua kichwa, taji likadondoka, akamtafuta mwenye sauti angani mpaka akamwona, akanyoosha mkono mzima, vidole vitano.

Akina mama chini ya turubai wakacheka. Bwetaa hakucheka. Alimshikilia mtoto vizuri ili asichoke kunyoosha.

Jumatatu Tirenga alikuwa chini ya mnazi, bati kwapani. Taoniti alikuwa amekaa kwenye dungu, amekuja kwa miguu yake.

"Za Jumamosi?" akauliza Tirenga.

"Alimeza," akasema Taoniti, "mimi nikitazama. Nilimpanua kinywa mpaka nikaona alichokula Ijumaa. Naye akanitazama mimi, mzee mbaya huyu, akasema nina meno machache kuliko anavyokumbuka."

"Na Jumapili?"

"Jumapili nilimbubuti afungue mdomo," akasema Uering, akishuka, "na wewe unajua hawezi kukataa."

Akakaa, akapokea vidonge vinne, akavitazama kwa muda kabla ya kuvitia mdomoni.

"Mwaka na nusu," akasema. "Atakuwa anatembea. Sitahitaji kumfuata, atakuja mwenyewe."

Akameza, akafungua kinywa. Tirenga akatazama chini ya ulimi, akatazama mashavu, akatia alama.